Taa za Tangi la Matumbawe Lenye Kina Kirefu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kufunga na Kupima

Anayeanza kufuga matumbawe nyumbani kwa kawaida hununua tangi kwanza, kisha mawe, kisha pampu, na taa huifikiria mwishoni fedha zikiwa zimekwisha. Katika tangi lenye kina cha sentimita 40 kosa hilo husameheka, kwa kuwa takriban taa yoyote ya matumbawe iliyo nzuri kiasi itafika chini. Katika tangi lenye kina kirefu, ambalo hapa tutaliita pia tangi refu, halisameheki. Humo taa ileile inatakiwa kumlisha tumbawe aliyekaa sentimita 10 chini ya uso wa maji bila kumuunguza, na papo hapo kumlisha mwenzake aliyekaa juu ya mchanga bila kumwacha na njaa. Mwongozo huu unafuata tangi moja tangu mwanzo hadi mwisho ili hesabu zisielee hewani: urefu sentimita 120, upana sentimita 60, kimo cha kioo sentimita 75. Mwenye tangi la vipimo vingine atabadilisha namba, lakini mwenendo wa kazi utabaki uleule.

Tumbawe ni mnyama, ila wengi tunaowafuga wanaishi kwa ushirika na mwani mdogo sana uliomo ndani ya nyama zao. Mwani huo hufanya usanisinuru na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula anachotumia kila siku, na ndio pia unaompa rangi yake ya kahawia. Kwa hiyo kwa mfugaji wa matumbawe taa ndiyo jiko, na mapambo huja baadaye. Taa hafifu humdhoofisha mnyama polepole kwa wiki na miezi, ilhali taa kali kupita kiasi inaweza kumwua katika siku chache.

Hatua ya kwanza: Orodhesha matumbawe kabla ya kuorodhesha taa

Kipimo tutakachokitumia kinaitwa PAR. Ni mwanga ulio kati ya nanomita 400 na 700, yaani sehemu ya mwanga ambayo mwani unaweza kuitumia, na huhesabiwa kwa maikromoli kwa kila mita moja ya mraba kwa sekunde. Wafugaji hutaja namba tupu tu, na hapa tutafanya vivyo hivyo. Saa sita mchana katika nchi za tropiki, anga likiwa halina wingu, uso wa bahari hupata PAR ya karibu 2,000. Namba hiyo isikutishe wala isikushawishi. Bahari ina mawingu, ina mawimbi, ina maji ya masika yenye tope, na jua lake hukaa utosini kwa muda mfupi tu. Taa ya nyumbani huwaka kwa nguvu moja kwa saa nyingi mfululizo.

Kwa tangi, matumbawe ya uyoga kama Discosoma na Rhodactis hutosheka na PAR ya 50 hadi 100, na matumbawe mengi laini nayo huishi vizuri kwenye viwango hivyo au juu yake kidogo. Matumbawe magumu yenye nyama nene, kama Euphyllia, Lobophyllia na Trachyphyllia, hustawi kati ya 75 na 150. Matumbawe magumu yenye matawi na vinywa vidogo, hasa Acropora, huhitaji 200 hadi 350. Montipora ya sahani hukubali chini kidogo ya hapo. Tubastraea, yule mwenye rangi ya machungwa, hana mwani wa ndani kabisa na hahitaji taa, bali hulishwa kwa mkono. Ndiye mpangaji anayefaa kwenye pango la chini ambalo hutaweza kuliangaza hata ukitaka.

Hapo ndipo uamuzi mkubwa kuliko wote unapofanyika, na unafanyika kwa kalamu kabla hujatoa senti. Chora tangi lako kwa ubavu, gawanya maji katika ghorofa tatu, na uandike nani atakaa wapi: Acropora juu ya mwamba, Euphyllia katikati, Trachyphyllia na uyoga mchangani. Mwenye tangi refu anayetaka Acropora mchangani anajinunulia ugomvi, kwa sababu ili mchanga upate 250 itabidi kilele cha mwamba kipate mara mbili au tatu ya hapo. Anayevua pweza kwenye bamvua analijua jambo hili bila kipimo chochote, kwani matumbawe anayoyakuta kwenye ukingo wa mwamba siyo yale anayoyaona mzamiaji pima kadhaa chini. Lifuate tangi lilivyo. Usililazimishe kuwa usawa mmoja.

Neno moja kuhusu kuwapata. Matumbawe magumu yote ya jamii ya mwamba yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na kome wakubwa wa jamii ya Tridacna, hivyo kuvuka nao mpaka kunahitaji vibali. Hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, Kisite-Mpunguti, Chumbe na Mafia hazikuwekwa ili tuzichume. Nunua vipande vilivyokuzwa matangini na uulize karatasi zake.

Hatua ya pili: Pima maji, usipime kioo

Kioo cha sentimita 75 hakina maji ya sentimita 75. Toa sentimita 5 za mchanga, toa nyingine 5 za nafasi iliyoachwa juu, utabaki na sentimita 65. Hiki ndicho kina chako. Pima pia umbali kutoka uso wa maji hadi kilele cha mwamba, upana wa ukanda wa kioo unaofunga tangi kwa juu kama upo, kwa kuwa huweka kivuli chini yake, na umbali uliopo kati ya ukingo wa tangi na dari. (Pima na mkono wako. Mimi siugusi mchanga wa tangi hili bila kuloanisha kwapa, na kila tumbawe lililoanguka nyuma ya mwamba hunikumbusha hivyo.)

Watu wengi huamini kwamba maji ndiyo yanayoula mwanga. Kwa bahari ni kweli. Kwa tangi ni kweli nusu. Maji safi hunyonya mwanga mwekundu kwa kasi, kiasi kwamba mwanga wa nanomita 660 hupoteza karibu robo ya nguvu yake ukishuka sentimita 65, lakini mwanga wa buluu wa nanomita 450 haupotezi hata asilimia moja katika umbali huohuo. Kwa kuwa taa za matumbawe ni za buluu zaidi, upotevu mkubwa unatoka kwingine: mwanga hutawanyika. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyoenea kwenye eneo pana zaidi, na kiasi kilekile kikigawanywa kwa eneo kubwa, kila tumbawe hupata kidogo. Mfugaji akishalielewa hili huacha kuuliza taa ina wati ngapi na huanza kuuliza inatawanya mwanga kwa pembe gani.

Kuna mawili yanayookoa sehemu ya mwanga huo na mengine mawili yanayoumaliza. Mwanga ulioingia majini na kugonga ukuta wa kioo kwa kimshazari hurudishwa ndani badala ya kutoka, ndiyo maana tangi huhifadhi mwanga zaidi ya vile hesabu ya karatasi inavyotabiri, na ndiyo maana pia kioo cha ubavu kilichofunikwa na mwani hupunguza mwanga wa mchangani. La pili linalookoa ni mchanga mweupe, ambao hurudisha juu sehemu ya kinachoufikia. Wanaomaliza ni kifuniko cha kioo, ambacho hata kikiwa safi huakisi karibu asilimia 8 na kikishika chumvi huzidi hapo, na maji yaliyogeuka rangi ya chai nyepesi kwa sababu ya mabaki ya mwani na chakula. Rangi hiyo ya manjano hunyonya buluu, yaani hunyonya kilekile unachokilipia. Mkaa amilifu kwenye kichujio huiondoa. Kwa samaki warukao tumia wavu wa matundu badala ya kioo.

Hatua ya tatu: Chagua aina ya taa

Zipo aina tatu za kuzungumziwa. Ya kwanza ni metali halaidi, ya wati 150, 250 au 400, iliyotawala enzi za kabla ya LED. Mwanga wake hushuka vizuri, hucheza juu ya mchanga kama jua la saa nne asubuhi, na matumbawe huupenda. Lakini ni tanuri. Mbili za wati 250 zikiwaka saa 8 hula uniti 4 kwa siku, takriban 120 kwa mwezi, kabla hujaongeza kinachopotea kwenye balasti, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa taa hizo, na joto lake huelekezwa moja kwa moja majini. Katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kisicho na kiyoyozi utalazimika kununua kipoza maji, nacho kina uniti zake. Kwa mtu wa Pwani ninaiondoa mezani bila majadiliano. Anayeishi nchi ya baridi kali anaweza kuihesabu kama sehemu ya kupasha chumba joto.

Ya pili ni mirija ya T5, yenye unene wa milimita 16. Kwa tangi la sentimita 120 mrija wake ni wa wati 54, na tangi refu kama hili lingehitaji minane, kila mmoja ukiwa na kiakisi chake nyuma. Sifa yake ni usawa: mwanga unatoka kwenye mstari mrefu, hivyo upande wa chini wa tawi nao huangazwa na vivuli ni vyepesi. Kasoro yake ni tatu. Hula takriban uniti 4.3 kwa siku kwa saa 10. Mirija hubadilishwa kila baada ya miezi 9 hadi 12 kwa sababu hupoteza nguvu na rangi huku macho yakidhani bado ni mizima. Na upatikanaji wake unapungua kila mwaka, hasa tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia mirija ya kawaida ya T5 kuingia sokoni mwaka 2023. Kabla ya kuijenga nyumba yako juu ya T5, hakikisha una mahali pa kuipata mirija miaka mitatu ijayo.

Ya tatu ni LED. Taa mbili zenye uwezo wa wati 130 kila moja, zikiendeshwa kwa asilimia 70, hula wati 182, yaani uniti 1.8 kwa siku ya saa 10 na takriban 55 kwa mwezi. Joto lake halimiminwi majini kama la halaidi. Hutoka zaidi kupitia bamba la chuma la mgongoni na feni, likaingia katika hewa ya chumba. Nguvu na rangi hudhibitiwa kwa simu, na lenzi huamua mwanga uende wapi. Kasoro yake ni vivuli vikali: taa inatoka kwenye nukta chache, kwa hiyo tawi la juu hulinyima mwanga tawi la chini. Dawa ya hilo ni kutumia taa kadhaa ndogo badala ya moja kubwa, au kuongeza mistari ya LED mbele na nyuma. Kwa tangi letu, uamuzi wangu ni LED mbili zenye lenzi, na mistari miwili ya kuondoa vivuli.

Hatua ya nne: Rangi

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa mjadala wa rangi umepoteza usingizi wa watu wengi kuliko unavyostahili. Mwani wa matumbawe hunyonya kwa nguvu kati ya nanomita 400 na 500, kwa hiyo taa iwe na buluu ya nanomita 450 kwa wingi, zambarau kiasi, na nyeupe ya kutosha kukuwezesha kuona samaki kwa rangi zao. Nyekundu na kijani ziwe chache. Buluu pia ndiyo inayoziamsha protini zinazong'aa za matumbawe, zile za kijani na machungwa zinazofanya wageni wasimame mlangoni. Taa za kuoteshea mboga, zilizojaa nyekundu, hazifai. Namba za kelvini, 10,000 au 14,000 au 20,000, zinaeleza mwanga unavyoonekana machoni. Hazisemi una nguvu kiasi gani, na taa ya kelvini 20,000 yaweza kuwa na PAR kubwa au ndogo.

Hatua ya tano: Lenzi na urefu wa kuning'iniza

Hatua hii ndiyo inayotenganisha tangi refu na matangi mengine, hivyo isome ukiwa na rula.

Chukua taa moja na uiweke sentimita 25 juu ya maji. Mwanga hutoka kwa umbo la koni. Ukigusa maji hupinda kuelekea chini, kwa hiyo koni hiyo hubana kidogo inapoingia majini. Kwa lenzi ya nyuzi 120, duara la mwanga juu ya uso wa maji huwa na nusukipenyo cha sentimita 43, na likifika mchangani, sentimita 65 chini, lingekuwa la sentimita 99. Kwa lenzi ya nyuzi 90 namba hizo ni 25 na 66. Kwa lenzi ya nyuzi 60 ni 14 na 41. Sasa kumbuka kwamba tangi lina upana wa sentimita 60, yaani sentimita 30 kila upande wa katikati. Lenzi ya nyuzi 120 humwaga mwanga nje ya tangi kabla hata haujagusa maji. Huo unaangaza sakafu na macho ya aliyekaa kwenye kochi. Lenzi ya nyuzi 60 hupeleka karibu kila kitu chini, ila hubana mwanga juu kiasi cha kufanya doa kali katikati ya kilele cha mwamba.

Eneo la duara la mchangani kwa lenzi ya nyuzi 120 ni karibu mara 6 ya lile la nyuzi 60. Kuta za kioo hurekebisha sehemu ya tofauti hiyo kwa kuurudisha mwanga, lakini haziwezi kurudisha kilichomwagika nje. Ndiyo maana kwa maji ya sentimita 65 nachagua lenzi ya nyuzi 90 au karibu na hapo, na kwa maji yanayozidi sentimita 75 ningeshuka hadi nyuzi 60 na kupandisha taa juu zaidi.

Kupandisha taa kunaonekana kama kupoteza mwanga, na kwa kilele cha mwamba ni kweli. Lakini tazama uwiano. Taa ikiwa sentimita 10 juu ya maji, tumbawe la kina cha sentimita 10 liko umbali wa 20 kutoka kwenye taa, na mchanga uko umbali wa 75, karibu mara nne. Ikipandishwa hadi 30, umbali unakuwa 40 na 95, mara mbili na ushei tu. Tofauti kati ya juu na chini imepungua bila kununua kitu. Kisha unaongeza asilimia ya nguvu ili kufidia. Hii ndiyo siri yote ya tangi refu: taa yenye akiba ya nguvu, lenzi ya kubana kiasi, na kamba ya kuning'inizia inayoweza kurefushwa.

Nilijifunza kwa hasara. Taa zangu za kwanza za LED nilizifunga sentimita 12 juu ya maji kwa kuwa vibano vilivyokuja nazo vilikuwa vya urefu huo, nikaona mchanga umekaa gizani, nikapandisha nguvu hadi asilimia 90. Mchanga uling'aa. Siku ya tano ncha za Acropora zilikuwa nyeupe kama chokaa, na wiki ya pili nilikuwa natoa mifupa. Hakukuwa na ubaya wowote katika taa. Vibano na haraka yangu ndivyo vilivyoua.

Hatua ya sita: Idadi, kufunga na umeme

Kwa lenzi ya nyuzi 90, hesabu taa moja kwa kila sentimita 60 za urefu. Tangi letu linapata mbili, katikati ya kila nusu, yaani sentimita 30 na 90 kutoka ukingo. Usinunue moja yenye nguvu maradufu ukaiweka kati. Pembe zitabaki gizani na katikati patachomeka. Nunua taa ambayo kazi yako itaimudu kwa asilimia 60 hadi 75 ya uwezo wake, kwa kuwa taa inayofanya kazi kwa asilimia 100 kila siku huchoka mapema na haikuachii nafasi ya kusahihisha.

Ning'iniza kwenye fremu iliyofungwa ukutani au kwenye zege la dari. Dari ya jipsamu haibebi taa, hata fundi akikuapia. Acha nafasi ya kuingiza mkono na ndoo.

Umeme na maji ya chumvi ni maadui wa zamani. Saketi ya tangi iwe na kikata umeme cha uvujaji cha miliamperi 30, na kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuiingia, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni. Ekstensheni isilazwe sakafuni chini ya tangi. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, weka stebilaiza au kinga ya volti kabla ya taa, maana kinachokufa kwanza katika LED kwa kawaida ni kifaa chake cha umeme, taa zenyewe zikiwa nzima. Umeme ukikatika, usihangaike na taa: matumbawe huvumilia siku moja au mbili za giza, lakini samaki na matumbawe hawavumilii saa nyingi za maji yaliyotuama. Betri iende kwenye pampu ya mawimbi.

Kuhusu joto, lenga maji ya nyuzi 25 hadi 27 za selsiasi. Miezi ya kaskazi hapa Pwani chumba peke yake hukaribia nyuzi 30 na zaidi, na feni ndogo inayopuliza uso wa maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa uvukizi, mradi ujaze maji yasiyo na chumvi kila siku. Joto na mwanga husaidiana kuua: bahari ilipopata joto mwaka 1998, matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka kwa wingi. Siku maji ya tangi yakizidi nyuzi 29, punguza taa badala ya kusubiri.

Hatua ya saba: Pima

Macho hayapimi PAR. Kipimo cha lux cha simu nacho hakifai, kwa kuwa lux hufuata jicho la binadamu, linaloona zaidi kijani, na taa ya buluu iliyo kali sana kwa tumbawe huonekana hafifu kwake. Kinachotakiwa ni kipima PAR chenye kihisi cha kuzamishwa. Kipimo cha MQ-510 cha kampuni ya Apogee kimetengenezwa kwa kazi hii na hujisahihisha kwa athari ya maji. Ndugu yake MQ-500 akizamishwa husoma pungufu, na namba zake huzidishwa kwa 1.32. Vihisi vya zamani vilikuwa havioni vyema buluu ya LED, hivyo uliza toleo kabla ya kukodi. Bei yake ni kubwa kwa mtu mmoja na ndogo kwa wafugaji watano wanaochangia, na kwa mwaka utakihitaji mara mbili tu.

Funga kihisi kwenye ufito kikitazama juu. Ruhusu pampu ziendelee ili upime mwanga unaocheza kama ulivyo, na soma wastani wa sekunde 10 badala ya namba ya papo hapo. Katika tangi letu weka vituo kila sentimita 20 kwa urefu, kuanzia 10 hadi 110, na safu tatu kwa upana kwenye sentimita 10, 30 na 50. Hivyo ni vituo 18. Pima kila kimoja kwenye kina cha sentimita 15, cha 35 na mchangani. Ni vipimo 54 na asubuhi moja ya kazi, na karatasi utakayoipata ina thamani kuliko picha yoyote ya kwenye boksi la taa, ambazo mara nyingi huonyesha kituo cha katikati peke yake. Jiwe likizuia, andika kivuli.

Lengo la tangi letu ni 250 hadi 300 kwenye kina cha 15, 140 hadi 180 kwenye 35, na 70 hadi 90 mchangani. Ikiwa juu ni sawa na chini ni pungufu, pandisha taa na kuongeza nguvu, au badili lenzi. Ikiwa katikati ni sawa na pembeni ni giza, ongeza mistari ya LED au sogeza taa zitengane. Ikiwa kote ni pungufu, ongeza asilimia. Badili kitu kimoja, kisha upime tena.

Hatua ya nane: Ratiba na kuzoesha

Tumbawe halihesabu kilele cha mwanga tu, linahesabu jumla ya siku. Zidisha PAR kwa sekunde 3,600 na kwa saa, kisha gawa kwa milioni moja: PAR ya 250 kwa saa 10 ni moli 9 kwa siku, na 80 kwa saa 10 ni moli 2.9. Taa inayopanda polepole kwa saa mbili, ikakaa kileleni saa sita, ikashuka kwa saa mbili, ni sawa na saa 8 kamili, wala si 10. Mimi huanza saa nne asubuhi na kumaliza saa mbili usiku, kwa sababu ya nyumbani tu: nataka niyaone nikirudi kazini. Usiku uwe usiku. Taa za mwezi ziwe hafifu au zisiwepo.

Tangi jipya, taa mpya au tumbawe jipya, vyote huanza chini. Weka taa kwenye nusu ya nguvu uliyoipima kuwa sahihi, kisha ongeza asilimia 5 kila baada ya siku nne au tano, hadi ufike. Hiyo ni takriban wiki nne hadi tano kwa taa ya asilimia 70. Tumbawe jipya huanzia mchangani hata kama kwake ni kileleni, na hupanda ghorofa moja kwa wiki.

Tumbawe lisilopata mwanga wa kutosha huwa la kahawia iliyokolea, hunyoosha nyama zake kama linaomba, na matawi yake hurefuka yakiwa membamba. Lililozidiwa hupauka kuanzia juu, hubana vinywa vyake mchana na hufunguka jioni taa zikishuka. Kupauka kunakoanzia chini au kwenye shina, mara nyingi si taa, kagua maji. Ukiona limezidiwa, usilihamishe kwa pupa hadi gizani. Punguza nguvu kwa robo na usubiri wiki mbili.

Matunzo

Futa chumvi kwenye kioo cha taa kila wiki kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Toa vumbi kwenye feni zake kila mwezi, kwani hewa ya Pwani huzishikanisha vumbi na chumvi mpaka zinasimama, na LED iliyokosa feni hupunguza mwanga yenyewe bila kukuambia. Ukibadilisha mkaa amilifu baada ya maji kukaa manjano kwa muda mrefu, shusha taa asilimia 10 siku hiyo, maana maji yaliyotakata ghafla hupitisha mwanga ambao matumbawe yalikuwa yameshausahau. Anayenunua taa iliyotumika aombe iwashwe kwa asilimia 100 kwa nusu saa mbele yake, asikilize feni, na ahesabu nukta za LED zilizokufa. Kisha aje nayo nyumbani na aipime upya, kwa kuwa asilimia 60 ya taa ya miaka mitano si asilimia 60 iliyoandikwa kwenye kitabu chake.